Nilivyojipanga na mkunga kwa uzazi wa pili

Uzazi wangu wa kwanza ulikuwa salama. Mtoto alilia, sikutokwa damu nyingi, tukaruhusiwa. Aliyeniuliza ilikuwaje nilimjibu "namshukuru Mungu", na kweli nilimshukuru. Lakini mimba ya pili ilipoingia nikaanza kukosa usingizi, na si kwa kuogopa uchungu. Uchungu naujua. Nilichoogopa ni kulala tena kile kitanda huku watu wanaingia, wananipima njia, wanatajiana namba wao kwa wao, mimi naambiwa "bado", halafu wanaondoka. Kwamba nimeongezewa njia, yaani nimekatwa msamba ili mtoto apite, nilikuja kujua nilipoona sindano ya kushonea. Hakuna aliyenitukana wala kunipiga. Nawajua wanawake waliopatwa na hayo yote, na mbele yao naona haya kulalamika. Ila mwili ni wangu, na yaliyofanyika juu yake mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuyajua.

Safari hii nilitaka jambo moja: chochote kitakachofanyika, niambiwe kwanza.

Kliniki nilianza mapema, kabla ya wiki ya 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe mara 8 badala ya 4 za zamani. Wengi huisikia namba hiyo na kuona usumbufu wa foleni. Mimi niliona nafasi 8 za kuzoeana na mtu. Nilipompata mkunga aliyekaa chini kunisikiliza badala ya kunijibu huku anaandika, nilimwuliza siku zake za zamu ni zipi, nikaomba tarehe zangu ziangukie humo. Alicheka kidogo, akakubali.

Alikuwa mtu mzima, maneno machache, mikono yenye akili. Kabla ya kunishika tumbo alinawa, akasugua viganja mpaka vikapata joto. Halafu akaanza juu, akashuka pembeni, mkono mmoja umetulia, mwingine unatafuta. "Huu mgongo, uko kushoto. Huku miguu, ndiyo maana unasema unapigwa mbavu. Haya mama, lete mkono wako." Akauweka mkono wangu juu kidogo ya kinena, akanibonyeza vidole. Kitu kigumu cha mviringo, kikisukumwa kinacheza. "Kichwa hicho. Bado kinaelea, hakijashuka." Nilikuwa nimeshazaa, lakini sikuwahi kumshika mtoto wangu kichwa akiwa bado tumboni.

Futi ya cherehani nayo akanieleza. Hupimwa kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi, na kuanzia kama wiki ya 24 sentimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Zikipungua sana au kuzidi sana, anatafuta sababu. Baadaye akachukua kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, mfano wa tarumbeta ndogo, akainama sikio likiwa juu yake huku macho yako kwenye saa. Nilimwuliza kwa nini hatumii mashine. Akasema mashine ipo, ila betri ikiisha usiku sikio haliishi. Kifaa chenyewe kilibuniwa na daktari wa Kifaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. "Wako 140," akasema, akaandika. Tangu siku hiyo kila namba aliyoiandika kwenye kadi yangu aliitamka kwanza.

Presha aliisisitiza kuliko yote. Ikifika 140/90 baada ya wiki 20, na mkojo ukaonyesha protini, ni hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona maluweluwe, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: kimojawapo kikitokea nisisubiri tarehe ya kliniki, nije saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na naona nitawasumbua. "Tusumbue," alisema.

Mimba ilipokomaa nikamsimulia uzazi wa kwanza. Hakuwatetea wenzake, wala hakuwasema. Aliuliza maswali. Uchungu ulianza lini, niliingia leba njia ikiwa imefunguka sentimita ngapi, chupa ya uzazi ilipasuka yenyewe au ilipasuliwa, waliniwekea dripu ya kuongeza uchungu saa ngapi. Nusu ya maswali sikuwa na jibu, na hilo lenyewe likamwambia kitu. Akanieleza kwamba kabla ya sentimita 5 njia inaweza kufunguka kwa kujivuta sana na pasiwe na tatizo lolote. Zamani mwanamke alitarajiwa kufunguka sentimita 1 kila saa, na aliyechelewa aliharakishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 ulisema kipimo hicho peke yake kisiwe sababu ya kumwingilia mama, maadamu yeye na mtoto wako salama. Kuanzia sentimita 5 hadi kufunguka kabisa, kwa mzazi wa kwanza kwa kawaida haizidi saa 12, kwa aliyekwisha kuzaa haizidi 10. Kuongezewa njia nako hakupaswi kuwa kwa kila mama. Kuna wakati inabidi, na hapo mama aelezwe na apigwe ganzi.

Kisha akaniambia niandike ninachotaka, mistari michache, kwa mwandiko unaosomeka, nibane kwenye kadi. Karatasi ndefu hakuna atakayeisoma saa nane za usiku. Nikaandika: dada yangu awe nami muda wote. Niambiwe kabla ya kuguswa. Nisilazwe chali kama hakuna sababu. Nisiongezewe njia bila kuelezwa. Mtoto awekwe kifuani kwangu mara moja. Nisichomwe sindano baada ya kujifungua.

Huo wa mwisho aliugusa kwa ncha ya kalamu. "Huu tuuzungumze." Sindano ile ya paja, oksitosini uniti 10 mara tu mtoto anapotoka, ndiyo inayosaidia mfuko wa uzazi ujikaze na kuzuia damu. Mama akipoteza mililita 500 au zaidi hiyo tayari ni hatari, na damu hiyo huweza kutoka kwa dakika chache. "Mengine yote nitakusimamia. Hili nakuomba." Nilikuwa nimesoma mahali kwamba sindano si kitu cha asili. Nikamwangalia yule mama, miaka yake yote ya kushika damu za wenzake, nikaukata mstari mwenyewe. Nadhani tuliaminiana hapo hasa, maana alikuwa ameyakubali mengine matano bila kubishana.

Siku yenyewe hakuwa zamu.

Nilipokelewa na mkunga kijana ambaye sikuwahi kumwona. Moyo ulinishuka. Dada yangu akatoa kadi, akamwonyesha karatasi iliyobanwa. Yule binti aliisoma akiwa amesimama, akairudia tena, akasema, "Sawa. Naomba nikupime njia, nitaanza uchungu huu ukipita." Akangoja ukapita. "Sentimita 6, kichwa kimeshuka vizuri, chupa haijapasuka, hatuipasui." Sentensi moja tu, na mabega yangu yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni yakashuka.

Kilichofuata sikikumbuki kwa mpangilio. Nilitembea, nikaegemea ukuta, nikapiga magoti na kumkumbatia dada kiunoni. Mkunga alikuwa anakuja na kuondoka, maana kulikuwa na wenzangu wawili pembeni, lakini kila akiondoka alisema anarudi baada ya muda gani, na alirudi. Zamu ilipobadilika ndipo palipoharibika kidogo. Aliyeingia alimwambia dada yangu atoke wakati wanakabidhiana wagonjwa, mlango ukafungwa, nikabaki peke yangu na uchungu wa mfululizo kwa muda ulioonekana mrefu sana. Nilipiga kelele. Yule kijana, ambaye alikuwa anavua koti aondoke, akarudi, akamwingiza dada kwa mkono wake na kumwambia mwenziwe, "Huyu yupo kwenye karatasi." Halafu hakuondoka tena. Hakuna aliyemlazimisha abaki, na sidhani alilipwa kwa kubaki.

Wakati wa kusukuma walisikiliza mapigo ya mtoto kila baada ya dakika 5 hivi. Safari moja akasikiliza, akasikiliza tena, akasema kwa sauti ile ile, "Yameshuka. Tunakugeuza ubavu wa kushoto, yanaweza kupanda. Yasipopanda nitamwita daktari, na nitakwambia." Niliogopa, siwezi kudanganya. Lakini ilikuwa hofu yenye jina, na nilijua zamu yangu ni kugeuka. Yakapanda. Nilizaa kwa kulala ubavu, mguu mmoja dada kaushika, kitambaa cha maji ya uvuguvugu kimewekwa msambani. "Sasa usisukume. Hema tu, hema kama umekimbia. Acha kichwa kije chenyewe." Hapo ndipo mikono ya mkunga inapofanya kazi ambayo mtu haioni: mmoja unazuia kichwa kisichomoke kwa kasi, mwingine umeegemeza msamba. Nilichanika kidogo, kwenye ngozi tu. Alinionyesha kwa kioo, nilipotaka.

Mtoto aliletwa kifuani akiwa bado na majimaji, akafunikwa juu yangu. Sindano ya paja niliisikia kwa mbali. Kitovu hakikukatwa papo hapo, walisubiri dakika kadhaa mpaka kikaacha kupiga. Kondo la nyuma likatoka, akaligeuza na kulikagua kama limetimia, akaniuliza kama nataka kuliona. Sikutaka. Kisha akanikandamiza tumbo ili mfuko ujikaze, na hilo nawaambia wazi, linauma kuliko watu wanavyosema. Ila nilikuwa nimeshaambiwa na yule mkunga mtu mzima kwamba litauma, kwa nini, na kwamba litarudiwa tena na tena katika saa za mwanzo.

Wakisikia habari hii, rafiki zangu wengine huniambia nilikuwa jasiri, nilijua kudai. Sipendi inavyosemwa hivyo. Mwanamke aliye kwenye uchungu hapaswi kuwa wakili wake mwenyewe, na mkunga mmoja mwenye wazazi watano kwa usiku hawezi kueleza kila kitu hata akitaka. Nilichofanya mimi ni kuyasogeza mazungumzo mbele, yakafanyika wakati nina akili timamu na yeye ana nafasi, na kumpeleka leba mtu wa kuyakumbusha. Ingekuwa usiku ule ni wa vurugu, sijui karatasi ingefaa nini.

Wiki ya 6 nilirudi kliniki kwa yule mkunga wangu. Alinipima presha, akaangalia palipochanika, akamgeuza mtoto huku na huku na kumpima uzito. Halafu akaitoa ile karatasi kwenye kadi, akaniuliza mstari kwa mstari: huu ulifuatwa? Huu je? Nikamweleza habari ya zamu na mlango kufungwa. Hakusema kitu. Alifungua daftari lake la mfukoni, akaandika, akalifunga, akaniuliza mimi na baba watoto tumekubaliana nini kuhusu uzazi wa mpango.