Kuku wa nyama na baridi ya Uyole

Vifaranga wangu wa kwanza niliwaingiza bandani mwezi wa sita. Anayeijua Uyole, huku nyanda za juu Mbeya, ameshacheka: ndio mwezi wa baridi. Walikuwa 200, nikawasha majiko mawili ya mkaa, nikaenda kulala. Saa tisa usiku nakuta jiko moja limezima, vifaranga wamelaliana kwenye kona. Wa chini walikuwa wameshakufa: 31.

Waliobaki walinenepa hadi wiki ya tano, kisha wakaanza kufa mmoja mmoja, tena wale wakubwa, walafi. Upanga wa kichwani umekuwa bluu, tumbo limejaa. Nikasema mdondo huu, ule ugonjwa wa kuambukiza. Bwana mifugo akapasua mmoja juu ya gunia, yakamwagika maji ya njano. "Siyo mdondo, mama. Kuku huyu mwili unakua kuliko moyo wake, na huku juu hewa nyepesi. Baridi inammalizia." Na mimi kwa woga wa baridi nilikuwa nimeziba banda zima kwa turubai, hewa haipiti, ukiingia macho yanawasha!

Siku hizi turubai naliachia upenyo wa shibiri moja juu. Vifaranga nawazungushia hadibodi kwa duara, wasipate kona ya kurundikana. Wiki ya pili na ya tatu usiku naondoa vyombo vya chakula, wakue taratibu. Nauza wiki ya tano, sisubiri ya sita: wakaanga chipsi wa Mwanjelwa wanataka kuku wa kilo na robo, na wiki ile ya mwisho ndiyo inayomaliza mifuko ya chakula.

Chakula ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya gharama. Vifaranga nao huagizwa mapema, maana mwaka 2006, kwa hofu ya mafua ya ndege, kuku na vifaranga vya nje vilizuiwa. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya vilichomwa moto mpakani Namanga. Wapo wafugaji wanaotamani mpaka ufunguliwe wapate vifaranga kwa urahisi. Mimi hapana. Kuku wa kugandishwa akiingia kwa bei ya huko alikotoka, banda langu nitafugia sungura.

Oda ya Desemba nimeshaweka, 400. Juni na Julai sifugi tena. Hela ya kuku nainunulia mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoka shambani, niyasage, nichanganye mwenyewe na mashudu na soya.