Kwa Mfalme Sikuulizwa Kadi

Jamani, leo mniache niseme. Asubuhi nateremka stesheni hapa Kyoto, Japani, watu wanamiminika kama siafu, askari wawili wakaniona mimi tu. Kadi ya ukaazi. Nikaitoa, maana sheria inamtaka mgeni atembee nayo muda wote. Ukikutwa huna, faini inafika hadi yeni 200,000. Wakaigeuza huku na huku, kisha wakainama, samahani kwa usumbufu. Adabu hiyo ndiyo inayonichoma. Bora ningetukanwa, ningejua la kujibu.

Nikashika njia kwenda kasri la wafalme, nikijua huko ndiko nitavuliwa mpaka viatu. Wapi! Langoni wanakagua mabegi ya kila mtu, la bibi wa Kijapani aliyenitangulia na langu, basi. Hakuna kadi, hakuna jina, hakuna kiingilio. Bure, wala hakuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Hebu kwetu jaribu kusimama na kamera nje ya Ikulu tu, uone.

Kasri limeungua mara nyingi, majengo mengi ya sasa ni ya 1855. Mfalme Meiji alihamia Tokyo 1869, lakini mwanawe na mjukuu wake walirudishwa kutawazwa hapa, kwenye ukumbi wa Shishinden, 1915 na 1928. Mimi nilikwama kwenye mapaa. Si vigae wala bati, ni magome ya mti wa hinoki, tabaka juu ya tabaka, unene wake ukingoni unashangaza, na yamepigiliwa kwa misumari ya mianzi. Gome linabanduliwa mti ukiwa hai, na mti unaendelea kuishi. Nami mtoto wa Unguja nikaikumbuka Beit al-Ajaib, jumba letu la kale la masultani, sehemu yake ilivyoporomoka Desemba 2020, roho ikaniuma. Kwa kutunza, hawa watu nawapa heko, hasira zangu pembeni.

Sasa nyie mnaoniuliza kila siku "kaka, huko vipi?" Visa ya mwanafunzi inakuruhusu kazi saa 28 tu kwa wiki, tena kwa kibali. Na kabla hujakabidhiwa ufunguo wa chumba, wenye nyumba wengi wanadai reikin, eti zawadi, aghalabu kodi ya mwezi mzima, na hairudi. Njooni na akiba. Kasri mtaliona bure, ila Jumatatu hufungwa, msije mkanilaumu.