Ile 60 kwenye ripoti yangu

Nilinyimwa mkopo kwa barua ya mistari miwili: maombi yako hayakukidhi vigezo. Kwa hasira nikaomba kwingine, na kwingine, na kwingine tena, yote ndani ya siku tatu. Ningejua, ningetulia.

Ndipo nikaiagiza ripoti yangu ya mikopo, yaani rekodi ya jinsi nilivyokopa na kulipa, inayotunzwa na taasisi ya taarifa za mikopo, nikaichapa, nikakaa nayo na kalamu ya risasi. Kwanza nilikimbilia alama, tarakimu tatu zinazokutazama kama matokeo ya mtihani. Nilizikodolea macho weee, nisiambulie kitu. Alama inakwambia umefeli. Swali ulilokosa halimo.

Swali liko kurasa za nyuma. Huko kila mkopo una mstari wake: aliyekukopesha, tarehe, kiasi, salio, kisha visanduku, kimoja kwa kila mwezi. Kwenye ripoti yangu sifuri maana yake nililipa kwa wakati, na namba nyingine ni siku za kuchelewa. Nikateremka na kalamu: sifuri, sifuri, sifuri. Nikafika kwenye mkopo niliodhani nilishaumaliza kabla ya kuhama nyumba. Sifuri kumi na tisa, kisha 30, kisha 60.

Deni lenyewe? Riba ya siku chache, iliyoongezeka kati ya siku niliyoulizia salio na siku niliyolipa. Vichenji! Barua za kudai zilikwenda anwani ya zamani, ambayo bado ilikuwa imeandikwa ukurasa wa kwanza.

Chini kulikuwa na orodha ya waliochungulia ripoti yangu. Wakopeshaji watatu kwa siku tatu, na mtu akiona hivyo anajua huyu anatapatapa. Mwenyewe kuiangalia hakupunguzi alama. Mshahara wangu haumo, wala akiba niliyokuwa nikijivunia.

Nilitaka kuwapigia kelele wenye ripoti, lakini wao huandika wanacholetewa na wakopeshaji. Kwa hiyo nilianza kwa mkopeshaji: nikalipa, nikadai barua ya kumaliza deni, nikaiambatisha kwenye ombi la kusahihisha taarifa. Wapo wanaojinadi kwamba watakusafishia ripoti kwa ada. Watafuta nini, ikiwa kuchelewa nilichelewa kweli?

Juzi nimeiagiza tena. Mstari ule sasa unasema umelipwa, umefungwa. Anwani ni ya hapa ninapoishi. Ile 60 imekaa palepale.