Collioure: Dagaa, Chumvi na Rangi

Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga kunitembelea Toulouse, kusini mwa Ufaransa, na wiki nzima nilimwona akiitafuta bahari. Ukimuuliza ameamkaje, anajibu salama, ila usiku hasikii mawimbi. Ijumaa ile ya mwezi wa tisa nikakata tiketi mbili. Treni hadi Perpignan, kisha nyingine ndogo inayofuata pwani kwa dakika 20 na ushee, mpaka pale milima ya Pyrenees inapoingia baharini na Hispania iko jirani kabisa. Tuliposhuka Collioure, shangazi alisimama, akavuta pumzi. "Chumvi," akasema.

Mji ni mdogo. Ghuba moja, ngome ya kifalme ya mawe, nyumba za rangi ya udongo na ndimu mbivu, na kanisa ambalo mnara wake umesimama ukingoni kabisa mwa maji. Zamani mnara huo uliongoza vyombo usiku. Leo una kuba la rangi ya waridi. Lakini macho ya shangazi hayakwenda kanisani. Yalikwenda kwenye mashua za kale za Wakatalani, wenyeji wa pwani hii, zilizofungwa gatini, kila moja na mlingoti mfupi, foromali ndefu iliyolala mshazari, na tanga la pembe tatu. Alizihesabu kwa kidole, akaniambia babu yangu angeweza kuingia katika yoyote kati yake na kutweka bila kufundishwa. Namwamini.

Watu huja Collioure kwa sababu ya wachoraji. Kiangazi cha mwaka 1905 Henri Matisse, mwenye miaka 35, alikuja kukaa hapa, na André Derain, mwenye miaka 25, akamfuata. Walichora maji ya waridi na milingoti myekundu. Vuli ileile kazi zao zilitundikwa Paris katika maonyesho ya Salon d'Automne, na mkosoaji Louis Vauxcelles akawafananisha na wanyama wa mwituni, "fauves". Jina likawaganda. Mji umeweka nakala za picha hizo mahali palepale zilipochorwa, kwa hiyo unatembea, unatazama picha, kisha unainua macho kuona chanzo chake. Shangazi alitazama moja kwa muda mrefu, akaitazama bahari, iliyokuwa buluu tupu saa ile ya mchana.

"Mwanangu, hawa wametia chumvi. Bahari gani ya waridi?"

Sikuwa na jibu.

Jioni tukaingia kwenye duka la wasindikaji wa anchois, samaki wadogo wa jamii ya dagaa wanaoupa mji huu jina jikoni kama Matisse alivyoupa jina ukutani. Mama mmoja alikuwa akionyesha kazi: anamshika samaki, kwa mkunjo mmoja wa vidole kichwa na matumbo vinatoka pamoja, anamlaza kwenye pipa. Safu ya samaki, safu ya chumvi ya bahari, hadi juu, kisha uzito wa kukandamiza. Miezi mitatu au zaidi. Nyama inageuka kahawia yenye wekundu, na harufu inakuwa nzito, tamu kidogo. Nikatafsiri maelezo yake: zamani wavuvi wa hapa walitoka usiku na taa, lamparo, samaki wakaifuata nuru.

"Karabai!" shangazi akasema kwa sauti. "Mwambie na sisi dagaa mchele tunawavua kwa karabai, giza la mwezi." Nikamwambia. Yule mama akaweka kisu chini, akataka kujua kila kitu: tunawaanika wapi, siku ngapi, tunawala na nini. Walizungumza nusu saa kupitia kinywa changu. Kwetu dagaa huitwa mboga ya asiye na kitu; hapa nilimwona samaki wa ukoo huohuo akipangwa mmoja mmoja kwa vidole vilivyoizoea kazi hiyo, na jambo hilo lilinigusa kuliko picha zote.

Chakula cha usiku kilikuwa hao hao, wamelazwa juu ya pilipili hoho nyekundu zilizochomwa na kumenywa, pamoja na kitunguu saumu, yai la kuchemsha na mafuta ya zeituni mengi. Mkate ulisuguliwa nyanya mbichi. Divai ya mashamba yale ya ngazi mlimani hatukuigusa. Mwisho ikaja krema ya Kikatalani, maziwa na mayai yenye harufu ya limao na mdalasini, juu ina sukari iliyounguzwa ikawa kama kioo. Shangazi alikivunja kioo kile kwa kijiko, akanyamaza hadi bakuli likawa tupu.

Asubuhi yake aliniamsha baada ya swala ya alfajiri. "Njoo haraka, mwanangu." Nikatoka na khanga mabegani. Ghuba ya Collioure inatazama mashariki, kama Tanga. Jua lilikuwa bado chini ya maji, na bahari yote, toka miguuni petu hadi upeoni, ilikuwa ya waridi. Milingoti ilianza kushika wekundu.

"Hawakutia chumvi," akasema.

Tukakaa juu ya kokoto mpaka rangi ikaisha na duka la mkate likafunguliwa.