Siku madam alipotukataza kuandika "sana"

Nilikua form three, shule moja ya kata nje ya Dodoma mjini, mwishoni mwa Novemba, kipindi cha Kiswahili mchana na mada ni vielezi. Mvua ya kwanza ya msimu ikatukuta humohumo. Wa Dodoma wenzangu mnajua, tangu Mei ni ukavu na upepo tu, kwahiyo vumbi lilipoanza kunukia darasa zima hakuna aliyesikiliza tena. Yakaanza manyunyu, ikaja rasharasha, afu mabati yakapigwa mpaka humsikii wa pembeni yako. Madam wetu, mwalimu ninayempenda mpaka leo, akashika chaki akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: ELEZENI MVUA HII INAVYOKUA, MARUFUKU "SANA".

Wengi tukaandika mno, tukaandika kabisa. Akawa anapita dawati hadi dawati anatuinamia, anasema hayo yananiambia mvua ni kubwa, mimi nataka niione ikipanda. Dada mmoja wa nyuma akaandika "mvua ilizidi kunyesha" na jamaa akapaza sauti, madam hapo kielezi kiko wapi, zidi si kitenzi? Swali zuri kweli lile. Madam akakubali ni kitenzi, akasema Waingereza kazi hiyo wanampa kielezi, sisi mara nyingi tunambebesha kitenzi, tunamtanguliza zidi mbele ya mwenzie: jua linazidi kuwaka, bei inazidi kupanda, hata mgonjwa anazidi kupata nafuu, yaani si lazima iwe shari. Vielezi vipo pia, kidogokidogo, siku hadi siku, ila kila kimoja na mwendo wake, bei ya mahindi itapanda siku hadi siku lakini mvua ya nusu saa huwezi kuipa siku hadi siku. Hiyo ya mwendo ndo ilinikaa, nikisoma habari mpaka leo naangalia mwandishi kaipa mwendo gani.

Mvua ilipopungua akaandika "Kadiri mvua inavyozidi kunyesha..." tumalizie wenyewe. Tukaleta ndivyo mto unavyojaa, ndivyo barabara inavyoharibika. Yule jamaa mbishi, kwao wakulima wa uwele, akasimama: "ndivyo baba anavyozidi kuulizia mbegu." Madam akamwambia arudie, darasa zima lisikie.