Karatasi ya kutokuwa na gari

Kila mwaka natia saini karatasi ambayo nyumbani Magomeni, Dar es Salaam, ningetumia jioni nzima kuieleza. Ndani yake natamka kwamba nyumba yetu haina gari. Mwaka huu ni mara yangu ya nne. Nilipomsimulia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, sasa hapo wanakupa nini?" Nikamwambia: hawanidai hela ya mahali pa kulaza gari nisilokuwa nalo.

Mtaa ninaoishi unaitwa Vauban, uko kusini mwa mji wa Freiburg, Ujerumani. Ulikuwa kambi ya jeshi. Wajerumani waliijenga miaka ya 1930, na baada ya vita wakaingia wanajeshi wa Ufaransa wakakaa mpaka 1992. Walipofungasha, mji ukajikuta na karibu hekta 40 za ardhi, umbali wa kilomita tatu hivi kutoka katikati. Leo tunaishi humu zaidi ya watu 5,000. Baadhi ya mabweni ya askari yalibaki, wakakaa wanafunzi na watu wa kipato kidogo, na miti mikubwa ya zamani haikukatwa. Asubuhi ya kiangazi napita chini ya miti hiyo kwenda kazini na kivuli chake nakishukuru kama mtu.

Jambo lililonishika tangu nilipohamia ni hesabu ya gari. Sheria ya ujenzi ya jimbo hili ilitaka kila nyumba mpya itengewe nafasi ya kuegesha. Kwa kawaida nafasi hiyo huwekwa mlangoni au chini ya jengo, gharama yake inaingia kwenye bei ya nyumba, na mpangaji asiye na gari analipa bila kujua. Hapa, kwenye sehemu kubwa ya mtaa, waliitenga gharama hiyo na bei ya nyumba. Mwenye gari ananunua nafasi katika jengo la maegesho lililoko pembeni ya mtaa. Bei iliyokuwa ikitajwa sana ni karibu yuro 18,000, mbali na nyumba yenyewe. Asiye na gari anatia saini karatasi kama yangu. Na kwa kuwa sheria ilikuwa palepale, kikaundwa chama cha wakazi wasio na magari, kikashika kipande cha ardhi cha akiba: siku magari yakizidi, jengo jingine la maegesho litasimama hapo. Mpaka leo ni majani, na watoto wanacheza.

Wapo waliodanganya, wakatia saini huku gari limefichwa mtaa wa pili. Hilo linajulikana na linaudhi. Hata hivyo, ilipofika 2009 familia kama 7 kati ya 10 hazikuwa na gari, na wengi waliuza walilokuwa nalo walipohamia.

Wasingeuza kama usafiri usingekuwepo. Njia ya tramu, ile treni ndogo ya umeme ya mjini, iliachiwa nafasi kwenye barabara kuu ya mtaa tangu ramani inachorwa, ingawa tramu yenyewe ilifika 2006, miaka kadhaa baada ya wakazi wa kwanza. Kabla ya hapo walipanda basi. Reli imelazwa kwenye nyasi. Kuna vituo vitatu, na kutoka mlango wowote unakifikia kimojawapo kwa dakika chache za mguu. Shule, chekechea na duka la vyakula viko njiani. Mimi nahudumia wazee, zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na sijawahi kuhitaji lifti ya mtu. Nilipohama chumba nilibeba kitanda kwa baiskeli ya mizigo niliyoazima kwa jirani. Ni guta, ila sanduku liko mbele.

Siyo peponi. Kodi imepanda sana, na Mwafrika mwenzangu anayetafuta chumba hapa anaweza kuzunguka miezi. Mtaa mzuri usipolindiwa bei unawakimbiza wale wale wasio na gari.

Nikiwaza Dar, nayaona haya mawili, ardhi na usafiri, yakipangwa kila moja kivyake. Mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia yake, ulipoanza 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni ulibadilisha maisha ya mama yangu, hilo nalisema kwa moyo wote. Lakini karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, na kila masika makubwa maji yanaingia, barabara inafungwa, mama anabaki nyumbani. Sasa kuna mradi wa kuihamisha na kujenga daraja la juu zaidi. Kwa upande mwingine, Magomeni Kota imejengwa upya kwa maghorofa yenye nyumba 644 kwa familia zilizokuwa zikikaa pale, na mwendokasi unapita jirani. Hapo naona kitu kimekaa mahali pake.

Na sisi wa ughaibuni tumo katika kosa hili. Tunatuma hela, tunanunua kiwanja mbali, Chanika huko, Bunju huko, kwa sababu ni rahisi na ni kikubwa, halafu tunaota gari la kutufikisha. Hela zetu zinautanua mji hadi pasipofika basi, na jirani asiye na uwezo anabaki na bodaboda. Mimi pia nilikuwa na kiwanja cha namna hiyo. Nimekiuza mwezi wa tatu.

Nimemwandikia dalali anitafutie nyumba ndogo, vyumba viwili, ghorofani sawa, mradi iwe dakika kumi kwa mguu kutoka kituo cha mwendokasi, kati ya Magomeni na Kimara. Akajibu kwamba zipo, ila nyingi hazina mahali pa gari. Nikamwambia anitumie picha za hizo hizo.