Hapana moja, madaftari mawili

Jumapili, usiku

Ushauri wa mapenzi wanaopewa vijana wa miaka 13 hadi 19 ni kama umeandikwa kwenye madaftari mawili. La msichana linasema: usijirahisishe, usiwe wa kwanza kumtafuta, mzungushe kidogo ndipo akuheshimu. La mvulana linasema: jikaze, usikubali kushindwa, mvumilivu hula mbivu. Ukisoma moja tu hutaona ubaya. Yasome pamoja. Mmoja amefundishwa kusema hapana hata anapotaka, mwenzake amefundishwa kuisikia hapana kama mwaliko wa kujaribu tena. Siku msichana akikataa kwa dhati, neno la kukatalia hana. Lile alilokuwa nalo limeshatumika kwenye kuringa.

Hapo ndipo ningeanza kurekebisha, kabla ya habari za zawadi na mavazi. Anayependa, awe mvulana au msichana, aulize mara moja na waziwazi: "Ningependa tutoke pamoja Jumamosi mchana, unaonaje?" Swali lenye siku linajibika, "tutafutane basi" halijibiki. "Labda", kimya, na "nitakuambia" isiyofuatwa na neno vyote vihesabiwe hapana, mpaka mwenyewe arudi na ndiyo yake. Kumtuma rafiki akaulize tena ni kuuliza mara ya pili. Anayekataa naye afupishe: "Asante, lakini sitaki." Wasichana hufundishwa kulainisha kwa visingizio, mara mtihani, mara mama mkali, halafu watu wanashangaa mvulana akirudi mtihani ulipokwisha. (Akiwa anaogopa hasira za huyo mtu, hilo ni jambo jingine. Atumie kisingizio chochote kitakachomtoa pale salama, kisha amweleze mtu mzima anayemwamini.)

Kwa ushauri mwingine wowote kuna kipimo chepesi: geuza jinsia. "Mvulana asionyeshe kuwa anapenda, atashuka thamani." "Msichana kamili hakati tamaa hata akikataliwa mara tano." Ukicheka, jua ile sentensi ilikuwa ya mazoea tu. "Usimpe mpenzi wako neno la siri la simu" haichekeshi ukiigeuza, kwa hiyo ibaki. Hata "wivu ndio mapenzi" huanguka hapa. Mvulana anayekagua simu ya msichana huitwa mwenye mapenzi ya kweli, msichana akifanya hivyohivyo huitwa king'ang'anizi, na kitendo ni kilekile.

Kipimo hiki kina pengo, na wanaokipenda sana hulisahau. Hatari hazigawanyiki sawa. Mimba hubebwa na mmoja. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yanaonyesha kwamba karibu msichana 1 kati ya 4 wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mwenzi alishapigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi huyo. Kwa hiyo onyo lazima liwepo. Kosa ni kumpa msichana peke yake, kana kwamba ukatili ni mvua na kazi yake ni kubeba mwavuli. Somo la ridhaa na la kondomu lianze kwa mvulana mapema vilevile. Tahadhari za miadi ya kwanza ziwe za wote wawili: mahali penye watu, mtu mmoja anayejua walipo na saa ya kurudi, simu yenye chaji, na nauli ya kurudia mfukoni mwa kila mmoja. Nauli hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwani asiye nayo hukaa hata anapotaka kuondoka. Malipo nayo wayapange kabla ya kutoka, maana mvulana aliyeambiwa kulipa ndiyo uanaume anaweza kuanza kudai marejesho.

Mtu akisema "ndivyo walivyoumbwa", nina jibu. Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani Janet Hyde alikusanya majumuisho 46 ya tafiti kuhusu tofauti za kisaikolojia za wanawake na wanaume. Asilimia 78 ya tofauti zilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Mitazamo kuhusu ngono ya kupita tu ilikuwa miongoni mwa zilizojitokeza wazi, sitaficha. Miongoni mwa kubwa kabisa ilikuwa uwezo wa kurusha kitu mbali, ambao haumsaidii sana anayetunga ujumbe wa kwanza.

Daftari la mvulana, kwa jinsi nionavyo, ndilo lenye kurasa pungufu. Halina ukurasa wa kutotaka: mvulana wa miaka 15 akisema hayuko tayari, huulizwa ana kasoro gani. Halina pia ukurasa wa kuachwa. Msichana aliyeachwa hukaliwa na rafiki zake mpaka usiku. Mvulana huambiwa wasichana wako wengi. Aulizwe kwanza kama amekula, na kama jana alilala.